Nitanie Ningali Nasikia

Mikindani,
Mtwara.
15 Juni 2025

Mpendwa Lucinda, mtani wangu wa damu,

Assalamu alaikum, na kwa kuwa wewe ni mtu wa kanisani, Tumsifu Yesu Kristo. Chukua inayokutosha, itakayobaki mpe shemeji Zeferino. Mko salama huko Nampula? Mgongo wako unaendeleaje, ule uliokuwa ukikukamata ukiinama kufua? Na Odete ameshajifungua? Dereva wenu Nelio alipopita mara ya mwisho alituambia tumbo la mwanao lilikuwa limeshashuka, nami nikapiga hesabu kwa vidole nikaona bila shaka sasa mmeongezeka nyumbani. Akiwa wa kike msimpe jina langu, maana jina hili lina mdomo na mtajuta.

Sisi tupo. Idd tumeila kwa amani, Fadhili alichinja jogoo, na mbuzi tulimwachia mwenye mbuzi wake. Mwanangu Zainabu amepata kazi ya kufundisha chekechea Ufukoni. Asubuhi anaondoka amevaa vizuri, jioni anarudi na vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Mihogo imekubali mwaka huu. Kule Nanyamba watu wameshaanza kupuliza salfa kwenye mikorosho, ila upande wetu anapuliza Fadhili peke yake.

Najua hapo ulipo unajiuliza, huyu ana simu mkononi, barua ya nini? Barua mara ya mwisho tuliandikiana ulipoolewa. Basi nitakwambia ukweli. Kwenye simu huwa nakudanganya. Nikiona jina lako nakaa kwanza, navuta pumzi mara tatu, ndipo napokea na kusema sijambo, mzima kabisa. Ukirefusha mazungumzo nasema mtandao unakata. Mtandao haukati, Lucinda. Inayokata ni pumzi yangu. Kwenye karatasi naweza kuweka kalamu chini, nikatulia, nikaendelea, na wewe usijue. Barua hii nimeianza juzi.

Zainabu alishakwambia kwamba naumwa moyo. Hakukwambia yote kwa sababu nilimkataza. Leo nakwambia mwenyewe.

Ilikuwa Oktoba iliyopita, tunaokota korosho. Unanijua mimi na kuokota, tangu tukiwa wadogo hakuna aliyewahi kuniacha nyuma, wewe ndio kabisa. Lakini msimu ule nikiinama mara tano lazima nishike mti. Miguu ilikuwa imevimba tangu Agosti, nikawa naifunga kanga chini chini ili isionekane. Kulala nalala nimekaa, nimeegemea ukuta, Fadhili akiniuliza nasema joto. Kila kitu nilikisingizia joto. Mpaka siku moja nikaanguka kifudifudi juu ya rundo la mabibo, na Fadhili maskini akaja mbio akidhani nimeteleza.

Daktari wa Mtwara ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu. Alinipaka mafuta ya baridi kifuani akanionyesha moyo wangu kwenye kioo, unahema kama kifaranga. Alisema moyo una milango, na mmoja wa kwangu umekakamaa, haufunguki ukaisha wala haufungiki ukaisha. Akaniuliza kama utotoni niliwahi kuumwa sana koo na viungo vikavimba. Nikakumbuka darasa la nne, muhula ule niliokosa shule, ukawa unakuja kila siku kunisomea ulichoandika, nusu yake makosa. Kumbe ndipo ugonjwa ulipoanzia. Nimetembea na mlango mbovu kifuani miaka thelathini na sita, nikazaa, nikalima, nikacheza ngoma mpaka asubuhi, na sikujua.

Wakanipa dawa. Kuna kidonge cha asubuhi, kuna cha jioni, na kuna kile cha kukojoza, ambacho ukishakimeza usiende mbali na choo. Chumvi marufuku. Ng'onda, samaki wangu mkavu wa chumvi, ambaye mimi bila yeye sijui ugali unashukaje, marufuku. Hata maji napimiwa kwenye chupa, ikiisha imeisha mpaka kesho.

Hayo yote ningeyazoea. Kilichoniuma zaidi ni watu.

Fadhili alichukua mchi wangu akaupeleka kwa dada yake, nisije nikatwanga. Kinu kimelazwa ubavu, kuku wanataga humo. Harusi zikitokea, mimi niliyekuwa nashika mwiko mkubwa, sasa nawekewa kiti kivulini na glasi ya juisi, kama mama mkwe aliyetoka mbali. Nikitokea kwa wenzangu wanashusha sauti. Umbeya hawaniambii tena, eti wasinishtue. Hebu fikiria, Lucinda, mimi kukosa umbeya! Fulani kaachika, nakuja kusikia baada ya wiki tatu, tena kwa muuza mizizi ya ming'oko.

Jirani yangu Tatu unamjua. Tumegombana miaka tisa kwa sababu ya kuku wake wanaokuja kunifukulia mchicha. Mwezi wa kumi na moja alikuja na mayai sita kwenye kibakuli, akapiga magoti, akaniomba msamaha kwa yote. Wallahi nilitaka kumrushia yale mayai. Nilimwitikia asante, lakini alipotoka nilikaa nikajiuliza, mtu ambaye hata mgomvi wake amekuja kumalizana naye, huyo si wameshamzika? Tangu siku ile nikawa naona kila mtu ananitazama kwa macho ya mtu aliyebeba yai.

Na wewe ulikuwamo.

Miaka yote nikikupigia ulikuwa unapokea kwa swali moja tu: "Hujafa tu, miguu ya bata wewe?" Nami nakujibu, "Nife nikuachie nani, mla panya?" Ndiyo salamu yetu, tukishamaliza ndio tunaulizana habari za watoto. Sasa Desemba, baada ya kuzungumza na Zainabu, ulinipigia ukasema, "Dada yangu mpendwa, pole sana, Mungu akutie nguvu." Dada yangu mpendwa! Tangu nizaliwe sijawahi kuwa dada yako mpendwa. Nilisema mtandao unakata, nikaweka simu chini, nikalia mpaka Fadhili akatoka nje. Tangu siku ile hujanitania hata mara moja. Unaniombea tu. Maombi nayapokea, ahsante, wala usiache. Lakini mtani wangu yuko wapi?

Utani huu hatukuuokota njiani. Baba yangu na mama yako ni tumbo moja, wameuvuka Ruvuma pamoja wakikimbia vita. Baba akamwoa mama hapa Mikindani akafuata dini yake, mama yako akabaki na ya kwao. Vingine vyote vikatutenganisha, hata kitoweo, lakini watoto wa kaka na dada ni watani, na hilo hakuna aliyetuuliza kama tunalitaka. Unakumbuka msiba wa shangazi, mama yako? Nilivaa gauni lake la zambarau, nikachechemea vilevile alivyokuwa akichechemea, nikapita kwa kila mwombolezaji nikimuuliza kwa sauti yake mbona amekuja mikono mitupu. Wewe ulikuwa hujatia kitu mdomoni siku mbili. Ulicheka mpaka ukakaa chini, kisha ukalia sana, kisha ukaomba uji. Nilikuletea mimi mwenyewe, nikiwa bado na gauni la mama yako mwilini.

Sasa niseme lile nililolificha.

Mimi natakiwa kupasuliwa, Dar es Salaam, wanibadilishie huo mlango. Mambo ya gharama yamepatiwa njia, usiniulize, namshukuru Mungu. Tarehe ya kwanza walinipa ilikuwa mwezi wa tatu. Haukupita mwezi wa tatu? Ulipita. Nilimwambia Fadhili hospitali wamepiga simu, wamesogeza mbele mpaka Ramadhani iishe. Hakuna aliyepiga simu. Nilikaa hapa nikipika futari ya watu, tarehe ikapita, na mume wangu akawa anamshukuru Mungu kwamba nitakula Idd nikiwa nyumbani.

Naogopa, Lucinda. Nimeandika hivyo na sitarudia. Daktari alinieleza kwamba wanafungua kifua, wanausimamisha moyo, mashine inafanya kazi yake, wakimaliza wanauamsha. Na ukikataa kuamka? Wewe unanijua ubishi wangu, huo moyo ni wangu. Tena kwa mawazo niliwaona Fadhili na Zainabu wamekaa pembeni ya kitanda na yale macho ya yai. Nikasema bora nifie nyumbani, nikiwa na kazi mkononi.

Basi mwanzoni mwa Mei akafariki Mzee Gaudensi, jirani yetu wa shamba kule Nanyamba, yule wa ukoo wa watani wa baba. Lazima unamkumbuka, alikuwa na baiskeli aliyoisukuma miaka yote bila kuipanda. Hakuna aliyenitaka nifanye lolote. Fadhili alisema nitume salamu. Mimi nikasema mtani wangu hawezi kuzikwa kimya kimya kama mgeni, nikaondoka naye Zainabu. Na hapa nina kosa kubwa kuliko lile la kwanza. Msiba ulipotufikia, siku tatu kabla ya maziko, niliacha vidonge, maana kile cha kukojoza na choo cha msibani chenye foleni haviendani. Nilimwonyesha Zainabu ninaweka mdomoni, akigeuka navitema, navificha chini ya mkeka.

Mama wee, siku ile nilikuwa mimi Mwanaidi wa zamani! Walikuwa wamekaa wote wamejiinamia. Nikachukua fito mbili nikazifanya usukani, nikapandisha suruali ya marehemu waliyonipa, nikaanza kusukuma baiskeli isiyokuwepo. "Twende, mvivu wewe! Natembea mimi, unachoka wewe!" Watu wakavunjika mbavu. Mjane wake alicheka huku akifuta macho na pindo la kanga. Lucinda, sikuwa nimechekewa hivyo miezi saba. Hakuna aliyenishushia sauti. Nilijiona mtu tena, na kwa ajili hiyo nikazidisha. Nikaishusha baiskeli mteremko, nikaipandisha, nikakohoa kile kikohozi chake cha kutafuta tumbaku mfukoni. Nikakohoa, na kikohozi kikakataa kukoma.

Nikaanguka, na watu wakapiga makofi.

Walidhani naigiza kifo chake. Nimelala chini, kifua kimejaa maji, nasikia vicheko. Mtu mmoja anasema, "Huyu mama ni kiboko!" Mwingine akanitunza, sarafu ikaja ikanigonga shavuni. Nilitaka kusema jamani huu si mchezo, sikuwa na pumzi ya kusemea. Nikawa natapatapa, na nilivyozidi kutapatapa ndivyo walivyozidi kucheka. Niliona miguu yao imenizunguka, viatu vya msibani, vumbi. Nikawaza, kumbe nakufa hivi, katikati ya watu wote hawa, na hakuna hata mmoja anayejua. Na niliyefanya wasijue ni mimi mwenyewe.

Aliyejua ni Zainabu. Aliziona kucha zangu zimebadilika rangi. Aliwasukuma wazee, akaja akipiga kelele, "Mama hachezi! Jamani, mama hachezi!" Hata hapo wapo walioendelea kucheka kidogo. Sauti hiyo ya mwanangu naisikia mpaka leo nikiwa nimekaa peke yangu.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na kicheko. Walinibeba kwenye gari lililoleta jeneza la Mzee Gaudensi, hilohilo, mkeka wake ukiwa bado umo ndani.

Nililazwa siku kumi na mbili. Siku ya nne, nilipoanza kuongea, Zainabu alikuja na vile vidonge kwenye mfuko wa nailoni, alikuwa amefunua mkeka akifagia. Nikangoja machozi. Hakulia. Alinifokea, Lucinda, wodi nzima ikageuka. Aliniuliza nilitaka amwambie nini baba yake, kwamba mama alikuwa anatema dawa ili apate kuchekewa? Aliniita mwongo. Aliniambia amechoka kunipakata kama yai wakati mimi mwenyewe najigonga ukutani. Kumbe hata yeye neno hilo alikuwa nalo! Tangu Oktoba hakuna mtu aliyekuwa amenipandishia sauti. Nilimtazama mwanangu anavyotikisa kidole, vilevile ninavyotikisa mimi, nikafurahi moyoni, nikamwambia nisamehe. Kisha nikamwambia na habari ya mwezi wa tatu. Hapo ndipo alipolia, akakaa kitandani akaweka kichwa kwenye miguu yangu iliyovimba.

Fadhili nilimwambia tuliporudi nyumbani. Alichukua jembe akaenda zake, mchana akarudi na ming'oko, akaiosha, akaichemsha mwenyewe, tukakaa kula. Nilitamani anipige hata neno moja. Ili kuvunja ukimya nikamwambia, wewe si mgonjwa, weka chumvi kwenye sahani yako. Akasema haina haja. Nikainuka polepole kwenda kumletea kopo la chumvi. Halipo. Nikatafuta kwenye kabati, nyuma ya mitungi, hakuna. Tatu alikuwa uani akichungulia kuku wake, akaniambia kopo hilo analo yeye, Fadhili alimpa tangu Novemba, akamwambia nyumba hii haina kazi nalo.

Miezi saba mume wangu anakula mboga chapwa. Na miezi hiyo saba mimi nilikuwa nakaa pale mkekani nikilalamika kwamba hakuna anayejua ninachopitia, yeye ananyamaza, anatafuna. Nilirudi nikakaa, nikalia mbele yake kwa sauti. Hakuniambia nyamaza. Alisogeza sahani karibu yangu tukamaliza ming'oko yetu.

Tangu hapo najifunza kupokea, na usifikiri ni rahisi. Mimi nimezoea kuwapa watu, mkono wangu haujui kugeuka kiganja juu. Nimejiwekea utaratibu, kila siku nakubali kitu kimoja. Siku moja nilikubali Tatu anichotee maji. Siku nyingine nikakubali Zainabu anisugue mgongo, nikafumba macho kwa aibu kama mwali. Jana nilikubali kuvalishwa viatu. Kuna siku nakubali asubuhi, mchana nakasirika na kumtukana kila aliye karibu. Na kuna siku nakaa tu, najiangalia miguu, nalia, sina sababu mpya, ni ileile. Wamezoea, wanapita pembeni yangu wakiendelea na kazi zao, nami naona hiyo ni heshima.

Sasa nimepewa tarehe nyingine, Jumatatu ya tarehe 21 Julai. Daktari hakunificha. Alisema wengi wanaamka, wengine hawaamki. Na nisipokwenda, nisihesabu misimu mingi ya korosho. Nimeapa mbele ya Fadhili na Zainabu kwamba nitakwenda, na kiapo hiki sitakitema.

Wametaka nije na mtu wa kukaa nami, na wodini kwa wanawake lazima awe mwanamke. Fadhili atakuja, lakini atakuwa anaingia saa za kutazama wagonjwa tu. Zainabu kazi ni mpya, na hata wangemruhusu, hofu imemzidi. Tangu Nanyamba akinisikia nakohoa anaacha alichoshika. Mwanangu amenibeba vya kutosha.

Nakuomba wewe uje. Neno hilo "nakuomba" nimelifuta mara mbili, utaona karatasi imechubuka. Mimi na wewe hatujawahi kuombana kitu, tumezoea kunyang'anyana. Lakini hiki siwezi kukunyang'anya, lazima unipe. Njoo na Nelio mpitie daraja la huko juu ya mto, njia ya pwani yenye mapigano bado inanitia wasiwasi. Mkivuka Ruvuma mtupigie.

Ila kama unakuja na ile "dada yangu mpendwa", baki hukohuko kwenu. Watu wa kunionea huruma ninao, wamejaa mpaka uani. Nataka mtu wa kukaa kando ya kitanda changu akiniambia nimenenepa miguu makusudi ili nibebwe. Nataka wakinipeleka kule ndani wanakousimamisha moyo, sauti ya mwisho kuisikia iwe ya mtu anayenitukana. Nadhani nikisikia matusi yako nitaamka, japo nikujibu.

Nelio amebeba na mfuko. Ndani yake mna gauni langu la kijani lenye maua meupe, lile uliloniambia kwenye harusi ya mdogo wangu kwamba nimevaa pazia la watu. Najua ukiliona utashtuka, kwa kuwa kwetu gauni la mtu humfikia mtani akishazikwa mwenyewe. Nimelituma mapema kwa akili zangu timamu. Tangu nilale pale chini Nanyamba nimekuwa nikiwaza, nikifa utakuja, utalivaa, utatembea miguu ya bata, utaonja mboga kwenye vyungu vya watu kama ninavyoonja mimi, utagombana na kuku wa Tatu, msiba mzima utacheka, na mtu pekee atakayekosa kuona ni mimi. Sioni haki iko wapi. Basi livae sasa. Shuka nalo barabarani, uje nalo mpaka mlangoni kwangu, ufanye yote uliyokuwa umeniwekea. Mimi nitakuwa kwenye kile kiti cha kivulini. Safari hii nitakaa bila kununa.

Na kama Mungu atapenda nisirudi kutoka Dar, basi siku hiyo usinitanie. Utakuwa umeshamaliza kazi yako. Kaa na Zainabu, umpe uji.

Fadhili anakusalimu, anasema shemeji usisahau ule mchele wenu. Zainabu anakupa shikamoo nyingi. Tatu naye anakusalimu, ingawa hakutumwa na mtu. Nisalimie shemeji Zeferino, mpe pole ya kuishi na wewe. Nisalimie Odete na huyo mgeni wetu mchanga, mbusu utosini kwa niaba yangu. Wazee wetu waliovuka mto ule Mungu awalaze pema, wako na wangu, kila mmoja kwa dini yake, na sisi atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi, asiye dada yako mpendwa hata kidogo, lakini anayekupenda,

Mwanaidi

Barua hii ikikufikia usijibu kwa barua. Piga simu. Nikipokea usinisalimie wala usinipe pole. Niulize lile swali lako, kisha subiri. Pumzi itakata katikati, nawe usikate. Nitavuta nyingine, nikujibu.